Mkono Uliokuwa Ukisikia

Mtu akikuambia kwamba kazi ya bwana mifugo ni sindano na dawa za minyoo, mwache aseme, hajui. Kazi yenyewe, ile inayomtoa mtu jasho na kumjengea jina, hufanyika nyuma ya ng'ombe, mkono ukiwa umezama hadi begani mahali ambapo mimi na wewe tusingethubutu kutia hata kidole. Humo ndimo mkono wa kushoto wa Bwana Mkono ulimoshinda kwa miaka ishirini na tisa. Ulikaa humo kuliko ulivyokaa mfukoni.

Jina lake la kweli liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakokaa. Hili la Mkono alipewa na wafugaji mwaka wake wa pili kazini, likamganda mpaka ofisini. Lilimletea balaa mara moja tu, alipokwenda kuposa. Mama mkwe mtarajiwa alisikia watu wakimwita Mkono, akamvuta binti yake kando na kumuuliza kwa nini anataka kuolewa na mkono wa birika. Binti akaeleza kwamba si ubahili, ni ng'ombe. Alipomaliza kueleza mkono wenyewe hupita wapi, mama yake akasema afadhali angekuwa bahili. Ndoa ilifungwa, lakini kwa miaka miwili ya mwanzo yule mama alimsalimia mkwewe kwa kumpungia kutoka mbali.

Kazi iliyompa jina ilikuwa kupima mimba. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja au wawili ana swali moja linalomkosesha raha: huyu ameshika mimba au hajashika? Aliyeshika atazaa na kutoa maziwa. Asiyeshika anakula majani ya bure, na mwisho wake ni kwa mchinjaji. Ng'ombe mwenyewe haulizwi, na hata akiulizwa anacheua tu. Basi Bwana Mkono alikuwa anavaa glavu ndefu ya plastiki inayofika begani, anaipaka sabuni, anaingiza mkono taratibu, kisha anafumba macho. Macho yakishafumbwa, hakuna kuongea. "Vidole vyangu vinasikia," aliwaambia, "lakini havisikii kwenye kelele." Watu wazima na akili zao wakasimama zizini kama wanaswali. Mwenyekiti wa ushirika wa maziwa alipiga chafya siku moja akaombwa atoke nje, na alitoka.

Akishautoa mkono hasemi kitu. Anavua glavu, ananawa kwa sabuni ya mche kutoka begani hadi kwenye kucha, kucha moja baada ya nyingine, anajifuta, anakunja taulo. Wakati huo wote roho ya mfugaji iko mkononi. Ndipo atasema mojawapo ya maneno mawili. "Nimebisha hodi, nimekaribishwa," au "Nimebisha hodi, hamna mtu." Akikaribishwa anakutajia na mwezi wa kuzaa, na watu walikuwa wanakwenda kununua kamba ya ndama siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona tumbo. Hakuwahi kukosea. Mimi nasema hakuwahi, na kwa miaka ishirini na minane ulikuwa ukweli mtupu.

Huu wa ishirini na tisa ndio uliokuja na mambo yake.

Ulianza na malalamiko. Bwana Mkono, mtu ambaye hakuwahi kulalamika hata alipopigwa teke la paja akalala siku tisa, alianza kuzisema glavu. Glavu za siku hizi nene, alisema, zinatengenezwa na watu wasiojua ng'ombe. Baadaye zikaja sindano, kwamba zinateleza. Baadaye vifungo vya shati, kwamba ni vidogo mno, vimetengenezwa kwa ajili ya wanasesere. Mkewe ni fundi cherehani, mwanamke mwenye maneno machache na macho makali. Alichukua shati moja akalitoa vifungo akalitia zipu. Wiki iliyofuata akachukua la pili. Kufikia katikati ya mwaka mashati yote ya Bwana Mkono yalikuwa ya zipu, na vijana wa ofisini wakamsifu kwamba mzee anakwenda na wakati. Alizipokea sifa hizo.

Jumatatu moja ya kiangazi, majani yakiwa yamekauka mpaka mizizi, aliitwa kwa Mama Mapacha. Huyu ni mwanamke aliyezaa mapacha mara mbili na kulea wote wanne kwa maziwa ya ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo aliitwa Bibi Harusi kwa vile alivyotembea: polepole, akitazama chini, akitaka apishwe. Bibi Harusi alikuwa ameacha kutoa maziwa. Alikuwa amehimilishwa, yaani kupandikizwa mbegu, mara nne, na baada ya mara ya nne Mama Mapacha alimwona akipanda ukuta wa zizi kama ng'ombe anayetaka dume. Majani ya kununua yalikuwa yanaletwa kutoka mbali, mzigo mdogo kwa jasho kubwa. Swali la Mama Mapacha lilikuwa fupi. Kama kuna ndama, atajinyima amlishe. Kama hakuna, aitwe mchinjaji kabla ng'ombe hajakonda.

Bwana Mkono aliingiza mkono, akafumba macho. Alikaa humo muda mrefu kuliko kawaida yake. Mama Mapacha alimwona akikunja uso, akauona mkono ukizunguka, ukienda mbele, ukirudi, akajiambia labda anahesabu miezi. Alipomaliza kunawa alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nimebisha hodi," akasema. "Hamna mtu."

Mama Mapacha alishika nguzo ya zizi. Hakubishana, nani anabishana na mkono ule? Alimshukuru, akampa maji ya kunywa, na jioni hiyo hiyo akampigia simu mchinjaji, wakakubaliana aje Jumatano asubuhi.

Bwana Mkono yeye alikuwa amerudi nyumbani kula chakula cha mchana. Mkewe alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, akimalizia sare za shule. Sufuria ya maharage ilikuwa jikoni inachemka. Bwana Mkono aliipua mwenyewe, akaishika mdomo wake kwa mkono wa kushoto, bila kitambaa, akaibeba kutoka jikoni, akapita mlangoni, akazunguka kiti, akaiweka mezani kwa utulivu wa mtu aliyebeba bakuli la matunda. Mkewe alisimamisha cherehani.

"Tazama vidole vyako," akamwambia.

Akavitazama. Viwili vilikuwa vimebabuka, ngozi imebaki kwenye sufuria. Alivitazama kama vya mtu mwingine, na kwa kweli ndivyo alivyovisikia.

Mkewe alimpeleka kwenye beseni la maji, akamkalisha, akamwosha. Kisha mwanamke akaanza, na mwanamke mwenye maneno machache akianza ujue ameyapanga.

"Mwaka mzima nakushonea zipu. Nilijiambia ni uzee, nilijiambia mume wangu ana aibu, acha nimsitiri. Lakini nataka kukuuliza kitu kimoja. Huo ndio mkono uliompima ng'ombe wa Mama Mapacha leo asubuhi?"

Akasema glavu zilikuwa nene.

"Kwenye sufuria hukuvaa glavu."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na maharage, na kwa bahati nzuri yalikuwa bado hayajaiva vizuri.

Alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi akishikwa na shaka anapima. Baada ya kufungwa kitambaa alimwomba mkewe achanganye punje za mahindi na za maharage ndani ya mfuko wa nguo. Akaingiza mkono wa kushoto humo, vidole vitatu vilivyobaki vizima, akafumba macho, akawa anataja kabla ya kutoa. Hindi. Harage. Harage. Hindi. Mkewe alikuwa anahesabu. Katika kumi alipata nne. Mtoto wa shule ya vidudu angepata zaidi kwa kubahatisha. Alirudia, akapata tano, akajaribu kufurahi. Mkewe akauchukua mfuko akaenda kuuweka jikoni, asije akaendelea mpaka jioni.

Jumanne nzima hakwenda kazini. Alikaa kwenye kiti cha mbao nje ya mlango wa nyuma, akiutazama mkono ulio mapajani. Sijui kama unaelewa kilichokuwa kinamkaba. Si kwamba alikuwa na maringo, ingawa kidogo alikuwa nayo, na nani hangekuwa nayo. Ni kwamba alijiuliza, nikiwaambia kwamba mkono hausikii, mimi ni nani? Bwana Mkono bila mkono ni Bwana tu, na mabwana wamejaa kila kona ya mji. Tena labda vidole havikukosea. Labda kweli hamna mtu humo, ng'ombe mtupu, na atakuwa amejivua nguo mbele ya watu kwa ajili ya tumbo tupu. Mchana mkewe alimletea uji na habari kwamba mchinjaji anakuja Jumatano, akaketi karibu naye.

"Kama hana ndama atachinjwa kesho," alisema Bwana Mkono. "Kama anaye pia atachinjwa kesho."

"Basi nenda leo," akasema mkewe.

Hakwenda. Nasema hivyo bila kumtetea. Alikwenda Jumatano asubuhi, jua limeshapanda, na alipotoka hakuelekea kwa Mama Mapacha bali kwa mtu aliyekuwa hasemi naye.

Mtu huyo aliitwa Mrija. Ni mhimilishaji, ndiye anayezunguka na pikipiki akiwapandikiza ng'ombe mbegu zinazohifadhiwa kwenye mirija myembamba ndani ya mtungi wa baridi kali. Zamani walikuwa mwalimu na mwanafunzi. Bwana Mkono ndiye aliyemfundisha kupitisha mkono bila kumuumiza ng'ombe. Ugomvi wao ulikuwa wa kazi, na ugomvi wa kazi ni mbaya kuliko wa shamba. Ng'ombe asiposhika, Bwana Mkono alikuwa anawaambia wafugaji kwamba Mrija amechelewa kufika, joto la ng'ombe limepita. Mrija naye alikuwa anawaambia kwamba mfuko wa uzazi hautibiwi sawasawa, na kila mtu alijua nani anatibu. Miaka sita walisalimiana misibani tu.

Mrija alikuwa kwenye chumba chake kando ya kituo cha kupokelea maziwa, amefungua kifuniko cha mtungi, mvuke mweupe unamfunika magoti. Alipomwona nani amesimama mlangoni alifunga mtungi.

"Shikamoo, mzee," alisema, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kulaumiwa.

"Marahaba. Nimekuja kuazima mkono."

"Mkono?" Mrija alitabasamu kidogo. "Wewe? Unataka wa kulia au wa kushoto?"

"Wowote unaosikia."

Mrija alisubiri utani uishe. Akaona kitambaa kwenye vidole, akaona uso wa mzee, akaona kwamba hakuna utani. Alichukua glavu na ufunguo wa pikipiki, na njiani, mzee akiwa nyuma amemshika bega, ndipo akasimuliwa habari yote, maneno yakichukuliwa nusu na upepo.

Walimkuta mchinjaji ameshafika. Gari lake la mizigo lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume kwenye mlango wa zizi, ubao umeteremshwa, na Bibi Harusi ameshafungwa kamba shingoni. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha kukanyaga ubao. Mama Mapacha alikuwa ameupa ua mgongo, hakutaka kutazama. Majirani wanne au watano walikuwepo, maana ng'ombe akiondoka watu hukusanyika.

Bwana Mkono alimwomba mchinjaji asubiri. Kisha akasimama katikati ya zizi, mtu ambaye kwa miaka yote alisema maneno mawili tu mahali kama pale, akasema mengi kuliko hayo.

"Mama Mapacha, nigeukie. Juzi nilikuambia hamna mtu. Nilikuambia kitu nisichokijua. Vidole vyangu havisikii, ni mwaka sasa. Nilikuwa nasingizia glavu. Nimemleta Mrija ampime, na atakachosema yeye ndicho, si nilichosema mimi."

Majirani walitazamana. Mama Mapacha alikuja akasimama karibu na kichwa cha ng'ombe wake, akamrudisha kutoka kwenye ubao. Mrija alivaa glavu. Akaingia taratibu, kama alivyofundishwa, akafumba macho, kama alivyofundishwa, na zizi likanyamaza. Bwana Mkono alisimama upande wa pili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa upande ule wa kungoja, na aligundua kwamba ni mahali pabaya sana pa kusimama. Aliwahurumia wafugaji wote aliowahi kuwangojesha huku akijisugua kucha.

Mrija alizungusha mkono. Akasonga mbele mpaka shavu likagusa paja la ng'ombe. Akakaa. Bwana Mkono alijua kinachotafutwa. Mimba ikifika mwezi wa nne mfuko huzama tumboni, mkono haufiki vizuri, na kinachobaki ni kuushika mshipa mkubwa wa damu unaoulisha, mshipa ambao kwa ng'ombe mwenye mimba haupigi tu, unavuma. Ni kitu kidogo sana. Ni vidole vizima pekee vinavyoweza kukisikia.

Mrija alifumbua macho. Hakungoja kunawa.

"Unavuma," akasema. "Mzee, unavuma kama simu mfukoni. Miezi minne na ushee. Kule kupanda ukuta kulikuwa joto la uongo."

Mama Mapacha alipindua ndoo akaikalia. Akalia kidogo, akacheka kidogo, akajifuta kwa khanga. Alipopata sauti alimtazama Bwana Mkono. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Baba, ungeniulia."

"Ndiyo," akajibu Bwana Mkono. "Ningekuulia."

Mimi ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo, watu wakapeana mikono, kila mtu akarudi kwake. Lakini kulikuwa na mchinjaji. Ni bonge la mtu, mpole kuliko kazi yake, na wakati watu wanamzunguka Mama Mapacha yeye alikuwa anafungua kamba. Aliifungua upesi. Hakulalamika kwamba amekuja bure, hakuuliza habari ya mafuta ya gari, hakunung'unika hata kidogo, na mchinjaji aliyenyang'anywa ng'ombe mdomoni ambaye hanung'uniki ni jambo la kushangaza. Bwana Mkono, ambaye vidole vilimfa lakini akili haikumfa, alimtazama akikunja kamba. Akamfuata mpaka kwenye gari.

"Wangapi?" akamuuliza.

Mchinjaji alijifanya hakuelewa. Kisha akaona haifai kujifanya.

"Wawili, mzee. Uliowapima watupu mwaka huu nimechinja wanne. Wawili walikuwa na ndama tumboni."

"Na ukaninyamazia."

"Ningesemaje? Wewe ndiye uliyemzalisha ng'ombe wa mama yangu siku nzima, mvua inakunyeshea. Mkaguzi anatazama nyama, tumbo la uzazi linakwenda shimoni, hakuna anayeuliza. Nikasema funika kombe mwanaharamu apite. Nikakusitiri."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililouma. Bwana Mkono aliegemea ubao wa gari. Akawafikiria wote: mkewe na zipu zake, mchinjaji na shimo lake, na yeye mwenyewe na glavu zake. Kila mmoja alikuwa ameshika pembe moja ya shuka, wanaivuta imfunike mtu mmoja.

"Umenisitiri mimi," alisema, "ukawavua wenzangu. Walikuwa wa nani?"

Mchinjaji akamtajia. Mmoja alikuwa wa fundi baiskeli wa pale sokoni. Mwingine alikuwa wa Mwalimu.

Bwana Mkono alimrudia Mrija, akatoa daftari lake la kazi, akamwonyesha wengine saba aliowaita watupu ambao bado wako hai, akamwomba awapime wote upya, siku hiyo hiyo kama inawezekana. Mrija alilichukua daftari kwa mikono miwili. Alitaka kusema jambo kuhusu ile miaka sita, lakini alichosema ni kwamba atampeleka mzee sokoni kwanza, ni njiani.

Kwa fundi baiskeli haikuchukua muda. Alisikiliza habari mpaka mwisho akiwa ameshika spana, akaiweka chini, akamwambia Bwana Mkono maneno ambayo sitayaandika hapa, na yote yalikuwa haki yake. Bwana Mkono aliyapokea amesimama. Alipoambiwa aondoke, aliondoka.

Kwa Mwalimu alikwenda kwa miguu, peke yake. Mwalimu alikuwa mwanamke mstaafu aliyewafundisha kusoma watu wengi wa mji ule, pamoja na watoto wa Bwana Mkono, na alikuwa akiishi peke yake na ng'ombe mmoja mweusi ambaye yeye Mwalimu alikuwa akimsomea magazeti. Watu walimcheka kwa hilo. Miezi mitatu nyuma alimwita Bwana Mkono akamwambia, ng'ombe wangu ana mimba, nataka tu unitajie mwezi. Bwana Mkono akapima, akabisha hodi, hamna mtu. Mwalimu akasema haiwezekani, anamjua mnyama wake, ameona anavyolala. Na Bwana Mkono akamjibu kwa kicheko, mbele ya majirani, "Mwalimu, wewe fundisha, mimi nipime."

Sasa alimkuta uani akipanga kuni. Zizi lilikuwa tupu lakini limefagiwa, na ndoo ya maziwa imefunikwa juu ya mti wa uzio. Walisalimiana. Akakaribishwa kiti, akakataa, akasema atasema akiwa wima. Akasema. Alitaja kila kitu, glavu, zipu, sufuria, mahindi na maharage, Bibi Harusi, mchinjaji. Alitaja na kile kicheko.

Mwalimu alikuwa ameshika kuni moja muda wote. Aliiweka juu ya zingine, akaisawazisha.

"Alikuwa jike au dume?" akauliza.

"Sikuuliza, Mwalimu."

"Ungeuliza."

"Ningeuliza. Nitauliza."

"Usiulize." Alikaa kwenye gogo. Alionekana mdogo kuliko siku zote. "Nilikuambia ana mimba. Ulinicheka, na mimi nikajicheka. Nikasema mimi ni kikongwe anayemsomea ng'ombe magazeti, najua nini. Nikampeleka mwenyewe kwa mkono wangu. Sikumkasirikia mtu, nilijikasirikia mimi. Miezi mitatu, Bwana Mkono."

"Nisamehe."

"Siwezi leo," akasema Mwalimu. "Leo ndiyo nimeanza kukukasirikia, niache nikukasirikie kwanza."

Bwana Mkono akasema ndiyo. Akageuka aondoke.

"Lete huo mkono," akasema Mwalimu.

Akarudi. Akaunyoosha. Mwalimu aliuchukua akaulaza kwenye goti lake, kiganja juu, kama alivyokuwa akikagua kucha za watoto mstarini, akakisogeza kitambaa kando bila kugusa palipobabuka. Akakibonyeza kidole cha mwisho kwa ukucha wake, kwa nguvu, mpaka kikawa cheupe.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Akaenda kwenye kinachofuata.

"Na hiki?"

"Hicho pia."

Akabonyeza cha kati. Bwana Mkono alitikisa kichwa. Akabonyeza cha shahada pembeni mwa kidonda, akatikisa kichwa tena. Akafika kwenye kidole gumba, na hapo mzee alishtuka.

"Hicho nasikia," alisema. "Kwa mbali."

Machozi yalikuwa yanamtoka Mwalimu bila kelele, ya ng'ombe au ya mkono, hakusema ni ya nini, na Bwana Mkono, ambaye hakulia kwenye sufuria wala kwenye zizi la Mama Mapacha, alilia akiwa ameinama pale kwenye gogo. Mwalimu alikuwa bado amemkasirikia. Lakini mkono hakuuachia.